Gari la familia linadunda: tafuta chanzo kabla ya kununua shokapu

Mwambie fundi wa gereji yoyote ya mtaani kwamba gari lako linarusha, na kabla hujamaliza kueleza atakujibu: "Shokapu zimekufa hizo." Mara nyingine anasema kweli. Lakini shokapu nne za Noah au Wish ni pesa ya maana. Ukizifunga kwenye gari ambalo shida yake ni upepo uliozidi kwenye matairi, utarudi nyumbani na mdundo ule ule.

Maelezo haya yanahusu zaidi magari madogo ya Kijapani ambayo familia nyingi za Tanzania na Kenya zinayatumia: IST, Vitz, Wish, Fielder, Noah na ndugu zao. Kwa mbele, shokapu na springi huwa zimefungwa pamoja kwenye mguu mmoja. Kwa nyuma, mengi ya yale yasiyo na 4WD yana boriti moja inayounganisha magurudumu mawili. Kwa hiyo dalili zake zinafanana. Nimepanga kuanzia chanzo cha bei ndogo kwenda cha bei kubwa, kwa sababu huko kwenye bei ndogo ndiko tatizo linakopatikana mara nyingi.

Maswali ya kujiuliza kabla ya jeki

Linadunda wapi? Gari linalotikisika kwenye lami iliyonyooka lina ugonjwa tofauti na lile linaloteseka kwenye rafu rodi tu. La kwanza mpelekee fundi wa matairi. La pili ndilo la kulalia chini na kutazama shokapu, springi na bushi, zile raba za kwenye maungio ya vyuma vya chini.

Kwa kasi gani? Mtikisiko unaoanza kwenye kilomita 80 kwa saa na kupungua ukifika 110 ni karibu saini ya gurudumu lililopoteza balansi, yaani uzito wake haujagawanyika sawa. Mdundo wa pole pole ukiwa kwenye 20 au 30, unaokuja kila tairi linapozunguka mara moja, unaashiria tairi lililovimba au rimu iliyopinda.

Ulianza baada ya nini? Baada ya kudumbukia shimo, kubadilisha matairi, kuinua gari, au baada ya mvua? Jibu la swali hili peke yake hufupisha kazi kuliko mashine yoyote ya gereji.

Na nani anausikia? Dereva ni shahidi dhaifu. Siti ya mbele iko katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, tena mikono yake imeshika usukani unaomwambia habari za mbele tu. Mtoto anayekaa siti ya mwisho ya Noah ndiye anayekaa juu ya magurudumu ya nyuma. Akianza kutapika safari ambazo zamani hakuwa akitapika, kagua shokapu za nyuma kabla ya kulaumu chakula. Vizuri zaidi, mpe mtu mwingine usukani, ukae wewe huko nyuma, mpite kwenye tuta, kwenye rasta (vile vijituta vidogo vilivyopangwa barabarani) na kwenye lami safi, madirisha yakiwa wazi.

Gari ni gumu, kila kijiwe kinafika mgongoni

Anza na upepo, na uanze asubuhi gari likiwa halijatembea. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ya mlango. Kuna stika inayotaja saizi ya tairi na upepo wake. Magari yaliyotoka Japani mara nyingi huandika kwa kPa: 220 kPa ni psi 32 hivi, 240 kPa ni psi 35 hivi. Hiyo ndiyo namba ya gari lako. Ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo ambacho tairi linaweza kubeba, wala haikuhusu unapojaza. Mafundi pancha wengi hupiga psi 40 kila gari linalopita, eti barabara mbaya inataka tairi gumu. Matokeo yake tairi linapoteza ile kazi yake ya kumeza vijiwe, linalika katikati, na likipiga ukingo wa shimo ni rahisi zaidi kupasuka.

Kipimo cha upepo cha kuweka ndani ya gari ni kitu kidogo, nunua chako. Usipime baada ya safari ndefu kisha ukapunguza, maana tairi la moto huonyesha psi kadhaa zaidi, na likipoa utakuwa chini ya kiwango. Kama stika inataja upepo tofauti kwa gari tupu na gari lililojaa, fuata hivyo. Ukienda mkoani na watu saba na mizigo, jaza kabla ya kuondoka.

Kuhusu naitrojeni inayojazwa kwenye matairi badala ya hewa: haina ubaya, ila haiponyi mdundo. Hewa ya kawaida yenyewe ni naitrojeni kwa asilimia 78.

Upepo ukiwa sawa na ugumu ukabaki, soma saizi ya tairi. Chukua Noah iliyotoka kiwandani na 195/65R15. Ile 65 ina maana kwamba kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 65 ya upana wake, yaani milimita 127 hivi. Mwenye gari akivaa rimu kubwa za kupendeza na matairi ya 215/45R17, kimo kinashuka hadi milimita 97. Sentimita tatu za mpira na hewa zimeondoka kati ya mgongo wako na shimo. Hapo hakuna shokapu itakayorudisha ulaini wa zamani. Ama urudi kwenye rimu za awali, ama ukubali ndiyo bei ya urembo.

Kuna pia umri. Tafuta ubavuni herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka na kukauka hata kama kashata, yale meno ya uso wa tairi, bado ni ndefu, na matairi ya mtumba yanayong'arishwa kwa mafuta meusi huficha hilo vizuri sana. Likipita miaka sita, likague mara kwa mara kutafuta nyufa. Likifika kumi, livue bila majadiliano.

Na kama gari lako ni Probox, usitafute ugonjwa pasipo na ugonjwa. Gari lile lilitengenezwa kama la kubebea mizigo, springi zake za nyuma zinasubiri kilo mia kadhaa, na likiwa tupu lazima litaruka. Mengine yamevaa matairi yenye alama ya LT, ambayo nayo ni magumu. Kulilainisha kwa springi za gari jingine ni kuharibu kitu kizima.

Linatikisika kwenye lami nzuri

Kabla ya kutoa hata shilingi, chuchumaa utazame ndani ya rimu, upande usioonekana. Ukikaa Goba au Kimara za Dar es Salaam, au popote penye udongo mfinyanzi, wiki ya mvua inatosha kugandisha bonge la tope ndani ya rimu. Likikauka huko, gurudumu limepoteza balansi, na ukishika kasi usukani unatetemeka. Kuosha gari kwa nje hakuliondoi. Piga maji ndani ya rimu zote nne, kisha ujaribu tena.

Bado? Pitisha kiganja juu ya uso wa kila tairi na kwenye mbavu zake. Unatafuta vitu vitatu. Uvimbe ubavuni, hata kama ni mdogo mfano wa yai la njiwa, maana yake nyuzi za ndani zimekatika, kwa kawaida kwa kupiga shimo, na tairi hilo haliendi safari tena hata ya sokoni. Uso uliopinda, kana kwamba kashata zimehama upande, ni mkanda wa chuma unaobanduka ndani, na hatari yake ni ile ile. Mabonde na vilima vinavyopishana kuzunguka tairi ni jambo jingine: hayo huletwa na shokapu iliyochoka, kwa sababu tairi limekuwa likirukaruka barabarani na kujikwangua mahali pamoja pamoja. Hapo ndipo fundi anapokuwa sahihi. Ila shokapu mpya hazitanyoosha tairi lililokwisha kulika hivyo, na mtu asiyejua hudhani ameuziwa shokapu feki.

Rimu iliyopinda huonekana kwa urahisi. Inua gurudumu, liweke huru, shika bisibisi imara karibu na ukingo wa rimu bila kuugusa, kisha zungusha. Pengo likifunguka na kufunga, imepinda. Rimu ya chuma hunyooshwa vizuri. Ya aloi hunyooshwa pia, lakini ikionyesha ufa usikubali ichomelewe.

Baada ya hapo ndipo balansi inafuata, kwa magurudumu yote manne. Tazama fundi akibandua risasi za zamani, vile vipande vya uzito vilivyobandikwa kwenye rimu, kabla ya kuanza. Asipozibandua, anapima gurudumu pamoja na makosa ya mwenzake.

Kuna mitikisiko mitatu inayochanganywa na hii. Ikiwa usukani unatetemeka pale tu unapokanyaga breki, tatizo ni diski za breki. Ikiwa gari linatetemeka limesimama kwenye foleni, gia ikiwa kwenye D na AC imewashwa, hizo ni mauntini za injini, raba zinazoishikilia, na barabara haihusiki. Na gari lililosimama muda mrefu, kama yale yanayokaa yadi baada ya kushushwa bandarini, huwa na matairi yaliyolala upande mmoja. Hudunda kilomita za mwanzo kisha likatulia. Lisipotulia baada ya safari ya kutosha, tairi limeshaharibika umbo.

Linanesa, linaelea, halitulii baada ya tuta

Hapa sasa ndipo shokapu zinapoingia. Kazi ya kubeba gari ni ya springi. Shokapu inazuia springi isiendelee kucheza baada ya kubanwa. Ikifa, gari likipanda tuta linashuka, linapanda tena, linashuka tena. Pua inazama ukikanyaga breki, na kwenye kona mwili wote unalala.

Jaribio linalojulikana ni kubonyeza kona moja ya gari kwa uzito wako, mara mbili tatu, kisha kuachia. Lipande, lirudi, litulie. Likiendelea kunesa, shokapu ya kona hiyo imekwisha. Ila jaribio hili hukamata zilizokufa kabisa tu. Shokapu iliyochoka nusu hulifaulu vizuri.

Kwa hiyo tazama mwili wake. Unyevu mwembamba wa mafuta karibu na nondo yake inayoingia na kutoka, penye vumbi lililoshika kidogo, si hukumu ya kifo. Mafuta yaliyotiririka hadi chini na kufanya matope, hiyo ni hukumu. Ukikagua gari la kununua na ukute shokapu moja safi kuliko kila kitu kilichoizunguka, uliza kwa nini imepanguswa.

Njia ninayoiamini zaidi inataka barabara mbaya. Endesha dakika kumi na tano au ishirini kwenye changarawe yenye vijituta vilivyopangana kama bati, simama, uguse shokapu moja moja kwa tahadhari, maana zinaweza kuwa za moto. Inayofanya kazi hupata joto, kwa sababu inageuza mtikisiko kuwa joto. Ukikuta ya nyuma kushoto ni baridi na ya kulia ina joto, ya kushoto imekuwa abiria. Na kama gari huwa zuri mwanzo wa safari kisha likaanza kuelea baada ya muda mrefu wa barabara ya namna hiyo, mafuta ya ndani yamepata joto na kuwa mepesi. Punguza mwendo, lipumzike. Likiwa jambo la kila safari, shokapu zinakaribia mwisho.

Kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, utaoneshwa za aina tatu: mpya za kampuni zenye jina, mpya zisizo na jina, na za mtumba zilizotolewa kwenye magari yaliyochinjwa. Vyuma visivyochakaa, kama mkono wa chini usiopinda (chuma kinachoshika gurudumu kwa chini), unaweza kununua vya mtumba. Shokapu za mtumba sizipendekezi kabisa, kwani umri wake wewe hujui na muuzaji hajui. Kwa zile mpya, omba uzibonyeze zote mbili za jozi zikiwa wima. Zigome kwa nguvu sawa, na kama ni za gesi zipande zenyewe kwa mwendo mmoja.

Linagonga: kokoko, kwa, du

Sauti husema mengi, lakini sauti husafiri ndani ya bodi. Usikubali kununua kifaa kwa kusikiliza tu.

*Kokoko* nyepesi ukipita pole pole kwenye vijishimo vidogo au rasta, mara nyingi ni stebilaiza linki, vile vijiti viwili vinavyounganisha mguu wa shokapu na nondo ya kuzuia gari kulala. Livute kwa mkono. Likicheza au raba yake imechanika, badilisha. Ni kifaa cha bei ndogo kwa kelele kubwa kiasi hicho, na watu wengi wameuziwa shokapu kwa sababu yake.

*Kwa!* moja unapokanyaga breki au kuondoka, na gari likivutavuta upande, tazama bushi za mkono wa chini, hasa ile kubwa ya nyuma. Fundi aiingizie nondo na kuisukuma. Mpira uliopasuka utafunguka mdomo mbele ya macho yako.

*Du* zito kutoka juu, karibu na bonneti, pamoja na usukani unaokwama na kuachia ukigeuza gari likiwa limesimama, ni mauntini ya juu ya shokapu au beringi yake. Fungua bonneti, weka kiganja juu ya kofia ya mguu, mwenzako ageuze usukani. Ikiruka, umeipata.

Boli jointi, kiungo cha mviringo kinachounganisha mkono wa chini na gurudumu, naitenga na wenzake wote. Ikichomoka, gurudumu linalala chini ya gari ukiwa katika mwendo. Inua gurudumu, weka stendi, shika tairi juu na chini, uvute na kusukuma huku mtu mwingine akitazama jointi. Ikicheza, gari lisitoke hapo gereji. Mchezo huo huo unaweza kutoka kwenye beringi ya gurudumu, ambayo huvuma kadiri mwendo unavyozidi.

Kwa nyuma, kama mkia wa gari unahama upande ukipiga shimo kwa gurudumu moja, bushi mbili kubwa za boriti zimekwisha. Hazikaguliwi mara nyingi kwa sababu zimejificha.

Linapiga chini likijaa

Kwanza piga hesabu ya mzigo bila aibu. Watu wanane, magunia mawili ya mchele na ndoo za mafuta si safari ya kawaida kwa Noah, na kifaa hakina kosa.

Lakini kama linapiga chini likiwa na watu wanne tu, liegeshe mahali tambarare, tupu, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia. Tofauti ya zaidi ya sentimita moja na nusu inataka maelezo. Springi mara nyingi hukatika kwenye mzunguko wa chini kabisa, ndani ya kikombe chake, mahali ambapo huwezi kuona bila kupanguza tope. Gari huendelea kutembea hivyo, na kipande kilichokatika kinaweza siku moja kukata tairi.

Tazama pia ile raba fupi inayovaa nondo ya shokapu, inayozuia chuma kisigonge chuma. Ikioza na kudondoka hakuna anayeikumbuka, na shokapu mpya zikifungwa bila hiyo hufa mapema.

Gari lililoinuliwa

Hapa nina maoni makali. IST na Noah nyingi za mjini zimewekewa spesa, yaani vipande vya kuongeza kimo, juu ya shokapu, au raba zilizobanwa kati ya mizunguko ya springi, ili zisikwaruze matuta. Raba hizo zinaifanya sehemu ya springi isifanye kazi, kwa hiyo iliyobaki inakuwa ngumu. Spesa haigusi ugumu wa springi, ila inausukuma mguu mzima chini, kwa hiyo draivu shafti, vyuma vinavyopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, zinafanya kazi zikiwa zimeinama, bushi zinasokoteka muda wote, na pembe za magurudumu zinahama. Mwenye gari anakuja kulalamika mdundo ulioanza wiki ile ile aliyoinua.

Ukitaka gari la juu, nunua gari la juu. Kama umeshainua na huwezi kushusha kwa sababu ya barabara ya kwenu, angalau toa raba za kwenye springi, chagua spesa fupi, na ufanye alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu, mara moja.

Wakati wa kufunga

Shokapu hubadilishwa kwa jozi, mbele zote mbili au nyuma zote mbili. Springi ya mguu wa mbele haifunguliwi bila kifaa cha kuibana. Ikifyatuka inaweza kuua, kwa hiyo fundi anayetaka kutumia waya au kamba mwage hapo hapo. Na hakuna anayeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Jambo moja gereji nyingi hulikosea, nalo ndilo linalofanya bushi mpya zichanike baada ya miezi michache. Boliti za bushi hazikazwi gari likiwa limening'inia. Zishikwe tu kwa mkono, gari lishushwe likae kwa uzito wake, ndipo zikazwe. Ukikaza likiwa hewani, mpira unafungwa ukiwa umepinda, na gari linapokaa chini unakuwa umesokotwa tayari hata kabla ya shimo la kwanza. Gari hubaki gumu, na lawama huiangukia spea.

Nati za magurudumu kwa Toyota ndogo nyingi hukazwa kwa nguvu ya Nm 103 inayopimwa kwa spana maalumu, kwa mtindo wa kupishana na si wa kuzunguka. Zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Ukishagusa shokapu za mbele au mikono ya chini, alaimenti ni lazima, nayo ifanywe baada ya gari kutembea kidogo na springi kukaa mahali pake, matairi yakiwa na upepo wa kwenye stika.